Je, Asiyelipa Asile?

Andiko la msingi: Matendo ya Mitume 6:1-7
Soma pia: Kutoka 16:13-20, Yohana 6:1-13, 1 Wakorintho 11:17-34

Swali la wiki hii lilizuka katika ushirika wa nyumbani, tukiwa tunaombea shule zinazofunguliwa. Lilianza kama ombi, likawa mjadala, na ilipofika saa tatu usiku bado watu walikuwa wamesimama mlangoni wakijibizana. Swali ni hili: je, ni haki shule ya umma impe kila mtoto chakula cha mchana bila kuuliza kama mzazi wake amelipa?

Mzee mmoja ninayemheshimu sana alifungua 2 Wathesalonike 3:10 akasema kwamba Paulo alishamaliza jambo hili: anayekataa kazi asitegemee sahani ya wenzake. Dada mmoja anayeuza mboga akamwuliza kwa upole, "Baba, na mtoto wa gredi ya pili afanye kazi gani?" Watu walicheka, lakini swali la dada si la kuchekesha. Mchungaji ameniomba niandike ninavyoliona. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, kwa hivyo nitaandika kama mwalimu na kama Mkristo.

Paulo alikuwa akiongea na nani?

Hebu tusome mstari wote pamoja na unaoufuata. Paulo aliwaandikia watu wazima wa kanisa la Thesalonike walioacha kazi zao wakawa wanazunguka wakiingilia mambo ya watu. Tena hakumtaja asiyeweza kufanya kazi, alimtaja asiyetaka. Yeye mwenyewe alikuwa amewaonyesha mfano kwa kufanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu.

Sasa mchukue mtoto wa gredi ya pili. Anaamka kabla ya jogoo kuchoka kuwika, anatembea, anakaa darasani hadi saa tisa. Sheria yetu inakataza kumwajiri, na inamlazimu awe shuleni. Kazi tuliyompa ni kusoma, na anaifanya. Kama tunataka kutumia kanuni ya Paulo kwa uaminifu, basi huyu tayari amestahili chakula chake cha mchana.

"Lakini mzazi wake je?" Mzazi wake mara nyingi yuko kazini pia. Yuko kwenye mjengo, anafulia watu nguo, anaendesha bodaboda ya mwenyewe. Siku mvua ikinyesha hakuna mjengo, na siku hakuna mjengo hakuna pesa ya chakula. Kwa hivyo asiyelipa si lazima awe mvivu. Tukichanganya watu hawa wawili tunamhukumu mtu kwa kosa la mawingu.

Haya, tuseme yuko baba mvivu kweli. Yuko baba anayepitisha mshahara wote kwenye pombe, tusijifanye hatuwajui. Hata hapo neno la Mungu katika Ezekieli 18:20 liko wazi kwamba mtoto habebi uovu wa baba yake. Ukimnyima mtoto sahani ili umfundishe baba, baba hatajifunza kitu, manake si yeye anayesikia njaa.

Njaa iliyojificha kwenye maombi

Katika shule moja niliyofundisha, chakula kilikuwa cha waliolipa. Kengele ya saa sita na nusu ikilia, mwalimu wa zamu alisimama na daftari mlangoni mwa jikoni. Waliolipa walipanga laini. Wasiolipa walikwenda kwenye mfereji, wakanywa maji, wakacheza nyuma ya vyoo mpaka kengele ilie tena.

Kulikuwa na msichana wa darasa la sita, mtoto mpole, mwimbaji wa kwaya. Akiulizwa mbona hali, alijibu, "Mwalimu, nimefunga. Naombea mtihani." Jumatatu alikuwa amefunga. Jumanne alikuwa amefunga. Wiki iliyofuata bado alikuwa amefunga. Walimu wengine walimsifu wakasema huyu atakuwa mtumishi wa Mungu. Mama yake aliniambia baadaye kwamba nyumbani hajawahi kumwona akifunga hata siku moja.

Fikiria hilo kidogo, mtu wa Mungu. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliona ni afadhali aseme uongo wa kiroho kuliko aseme "sina". Alichukua kitu kitakatifu akakitumia kufunika aibu. Njaa hupita ukila jioni, lakini aibu kama ile inakomaa na mtoto. Inamfundisha kwamba mbele za watu, na pengine mbele za Mungu, lazima ujifanye una kitu ili ukubalike.

Na jambo la ajabu ni kwamba Isaya 58 inaeleza mfungo ambao Mungu anautaka, na ndani ya mfungo huo kuna kumgawia mwenye njaa mkate wako. Pale shuleni mwenye njaa ndiye aliyefunga, na sisi wenye mkate tukampongeza.

Kuna wanaosema, "Mimi nilisoma na njaa na nikatoboa." Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini kumbuka waliosoma nawe na njaa wakakosa kutoboa hawako hapa kutoa ushuhuda. Wengine waliacha shule wakiwa darasa la tano. Aliyevuka mto akiwa mzima asitumiwe kuthibitisha kwamba mto hauna mamba.

Orodha ya Yerusalemu

Sasa tuje kwenye andiko letu. Kanisa la kwanza lilikuwa na mpango wa chakula wa kila siku. Lilikuwa kanisa lililojaa Roho Mtakatifu, mitume wenyewe wako pale, miujiza inatendeka barabarani. Hata hivyo, wajane wa upande wa Kiyunani walikuwa wakisahaulika katika huduma ya kila siku. Biblia haisemi kulikuwa na mwizi wala haisemi mtu aliwachukia. Inasema walisahauliwa, basi.

Hilo ndilo huwapata watu wakati lazima mtu fulani aamue ni nani anastahili na nani hastahili. Orodha huandikwa na binadamu. Binadamu anamjua jirani yake, anamjua wa kabila lake, anamjua yule anayejua kuongea. Mjane mgeni asiyejua lugha anabaki nje. Nimeona orodha za bursari, nimeona orodha za unga wa msaada. Mara ngapi umeona mwenye nyumba ya mawe amepata na mwenye nyumba ya mabati amekosa? Mtoto maskini kuliko wote mara nyingi ndiye ambaye hana mtu wa kumpeleka jina lake kwa chifu.

Ndiyo maana napenda jinsi Mungu alivyogawa mana katika Kutoka 16. Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kila kichwa. Aliyekusanya nyingi hakubaki na ziada, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Hakuna aliyeitwa kando kuthibitisha umaskini wake. Na waliojaribu kuficha ya kesho waliamka wakakuta mabuu.

Angalia pia Yohana 6. Filipo alikuwa mtu wa bajeti, akapiga hesabu akaona dinari mia mbili hazitoshi. Bwana hakumkemea kwa kupiga hesabu. Lakini kabla ya kugawa, hakuwatenganisha waliobeba chakula na wasiobeba. Aliwaketisha wote kwenye nyasi. Tena baadaye katika sura hiyo hiyo anawaambia wazi kwamba wengi walimfuata kwa sababu ya kushiba. Alijua, na bado aliwalisha.

Na Paulo tuliyeanza naye? Msikilize katika 1 Wakorintho 11. Watu walikuja kwenye meza ya Bwana kila mmoja na chakula chake. Mmoja akashiba na kulewa, mwingine akakaa na njaa akitazama. Paulo alikasirika. Alisema wanaofanya hivyo wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Kama mtu anataka kula peke yake, ale kwake. Lakini wakikutana kula pamoja, wangojane. Shule ni mahali tunapowakutanisha watoto kwa lazima. Hawawezi kwenda kula kwao. Basi wangojane, wale pamoja.

Tumekuwa na haya hapa Kenya

Watu husema haya ni mambo ya nchi tajiri. Si kweli. Wenye umri wangu mnakumbuka maziwa ya Nyayo, ile pakiti ya pembe tatu. Mpango ule ulianza 1979, na maziwa yale yalikuwa ya kila mtoto wa shule ya msingi. Mtoto wa mwalimu mkuu na mtoto wa mlinzi walitoboa pakiti ya aina moja. Miaka ya tisini mpango ukadhoofika na kufa, lakini hakuna aliyesema ulitufanya wavivu.

Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulianza kulisha shule za sehemu kame mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanza mpango wake wa kupeleka pesa shuleni ili vyakula vinunuliwe kwa wakulima wa karibu, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imekabidhi shule zote kwa serikali. Hapa Nairobi, tangu 2023, kuna Dishi na County, ambao kaunti inaendesha pamoja na shirika la Food4Education lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Mzazi anachangia shilingi 5 kwa sahani. Mtoto anavaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, anapewa chakula. Mzazi anaweka pesa kwa simu.

Napenda bangili ile kwa sababu moja: aliyelipa na aliyelipiwa wanafanana. Hakuna daftari mlangoni. Swali langu ni dogo tu: siku ambayo bangili haina kitu, mtoto afanyweje? Jibu langu ni kwamba ale kwanza, halafu watu wazima wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Shilingi 5 ni mchango mzuri na unampa mzazi heshima ya kushiriki. Lakini shilingi 5 isiwe mlango wa kumfungia mtoto nje.

Kwingineko duniani wako waliokwenda mbele zaidi. Finland ilipitisha sheria ya chakula cha bure kwa wanafunzi wote mwaka 1943, ikiwa vitani, na ikaanza kazi kikamilifu 1948, nchi ikiwa bado inajijenga. Hawakungoja kwanza wawe matajiri. India nako, Mahakama ya Juu iliagiza mwaka 2001 kwamba kila shule ya msingi ya serikali itoe chakula kilichopikwa. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Imeandikwa kila mtoto. Hakuna mahali imeandikwa kila mtoto ambaye baba yake ana risiti.

Bure si bure

Lakini ukweli usemwe: hakuna chakula cha bure. Kuna anayelima, kuna anayepika, kuna anayelipa. Ukinunua sabuni au ukiweka kredo kwenye simu, umelipa kodi. Mama mboga amelipa, bosi amelipa zaidi. Kwa hivyo mtoto wa mama mboga akila shuleni, haombi. Anakula kwenye sufuria ambayo mama yake ametia mkono.

Hapa pia ndipo jibu kwa wanaouliza kwa nini mtoto wa mwenye gari apewe bure. Kwanza, watoto wengi wa wenye magari hawako katika shule hizi. Pili, yule aliyeko, baba yake amelipa kwa kodi. Na sahani ile ya ziada ndiyo inayofanya laini iwe moja. Ukimtoa yeye, inabaki laini ya maskini, na watoto wanajua kusoma laini kabla hawajajua kusoma kitabu.

Je, tunamwondolea mzazi wajibu wake? 1 Timotheo 5:8 ni neno kali: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Silifuti neno hilo. Lakini hebu tupige hesabu. Wiki ina siku 7, na kila siku ina milo 3. Hiyo ni milo 21. Shule ikitoa chakula cha mchana Jumatatu hadi Ijumaa, imechukua 5. Bado 16 ni ya nyumbani, na likizo ikifika yote 21 inarudi kwako. Baba, mama, hakuna aliyekunyang'anya kazi. Umepunguziwa mzigo kidogo tu ili mtoto asikike darasani.

Pesa zikipungua

Sasa nije kwenye hoja nzito zaidi, ile iliyonisumbua mimi mwenyewe. Kama pesa hazitoshi kulisha kila shule, je, si dhambi kumlisha mtoto wa mtaa ulio na nafuu huku mtoto wa Turkana au Mandera analala njaa?

Nakubali. Pesa zikipungua lazima tuchague. Lakini nasema hivi: tuchague mahali, tusichague mtoto. Tuanze na Turkana, Marsabit, Mandera, tuanze na mitaa ya mabanda. Shule ikishachaguliwa, basi kila mtoto aliye ndani ya lango ale. Kuchagua wilaya kame kabla ya wilaya yenye mvua kunafanyika ofisini, na hakuna mtoto anayeonyeshwa kidole. Kuchagua mtoto huyu na kumwacha aliyeketi naye dawati moja kunafanyika mbele ya macho ya wote, kila siku, saa sita na nusu.

Na uaminifu? Tunajua chakula cha watoto kinaweza kuota miguu. Mitume walikutana na shida kwenye mpango wao, na hawakusema waufunge. Walitafuta watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawakabidhi. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani kazi ilikabidhiwa watu wa upande ule uliokuwa ukilia. Mzazi ambaye mtoto wake anakula ndiye asimamie stoo. Ahesabu magunia yakiingia na yakitoka. Na baada ya muujiza, Bwana Yesu aliagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu. Matokeo ya Matendo 6 yameandikwa mstari wa saba: neno la Mungu likaenea. Jikoni lilipotengenezwa, injili ilikimbia.

Sisi je?

Hatuwezi kuidai serikali laini moja huku sisi tuna laini mbili. Kambi ya watoto ikifika, tusisome majina ya waliolipa na wasiolipa mbele ya basi. Tukipeleka unga kwa familia, tusimsimamishe mtoto madhabahuni na pakiti mkononi apigwe picha. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Sisi tumeuweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Na wewe uliye mzazi wa shule ya umma, nenda kwenye mkutano wa wazazi. Uliza chakula kinafikaje, kinapikwa na nani, na anayekosa mchango anafanyiwa nini.

Yesu alipomfufua binti wa Yairo, Marko 5 inasema alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyumba nzima ilikuwa imeshangaa, watu wamepigwa na bumbuwazi mbele ya muujiza mkubwa. Yeye akawageukia akaagiza binti apewe chakula. Hakuuliza ni zamu ya nani kulipa.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Katika Matendo 6, kwa nini wajane wale walisahaulika? Katika mtaa wetu ni nani husahaulika?
2. Je, mchango mdogo wa mzazi unajenga heshima au unaleta aibu? Ungeukusanyaje bila mtoto kujulikana?
3. Tafuteni jambo moja ambalo kanisa letu hufanya linaloonyesha nani anacho na nani hana. Tutalibadilishaje kabla ya kambi ijayo?

Tuombe

Baba, wewe hunyeshea mvua mashamba ya wote. Tunawaleta kwako watoto watakaokaa darasani kesho bila kitu tumboni, na wale wanaosema wameshiba kumbe sivyo. Wape viongozi wetu mikono safi. Wape wapishi nguvu na walinda stoo uaminifu. Utupe sisi macho ya kuona na moyo wa kupakua bila kuuliza jina. Katika jina la Yesu, amina.